Aliyeomba Afunguliwe Mlango wa Chini

Jumatatu, tarehe 8 Julai. Ukungu umetanda tangu alfajiri. Umepanda kutoka bonde la Ruvuma kama moshi wa kuni mbichi, na hadi adhuhuri jua halijaonekana. Mikorosho inadondosha maji ingawa mvua haikunyesha.

Ukungu wa namna hii ndio ulionikalisha chini niandike. Haya ninayotaka kukueleza yalitokea kweli, na yalinitokea mimi, mchana, niko macho na sina homa. Niliishia darasa la saba, kupamba maneno siwezi. Nimeshajaribu kuyaandika nikachana karatasi, maana kila nikifika katikati najiuliza: hivi niliona, au nilitaka kuona? Safari hii nitaandika nilichokiona, kisha nitaandika na kile ambacho mtu mwingine angesema kunipinga. Utaamua mwenyewe.

Kwanza ujue tunapoishi. Mtaa wetu uko nje kidogo ya mji wa Newala, karibu na pale ardhi inapokatika kuelekea bondeni, na unaitwa Uholanzi. Wageni wakisikia hucheka. Enzi za mkoloni alikuja Mholanzi mmoja na mkewe, akapanda mkonge kwenye mchanga huu, na mchanga ukamkatalia. Lakini kabla hajashindwa alijenga nyumba za tofali za wanyapara wake, kwa namna ya kwao: paa limesimama wima, bati limekunjwa pembeni kukinga mvua iende kisimani, na mlango umekatwa katikati, kipande cha juu peke yake na cha chini peke yake. Babu yangu alikuwa nyapara. Mholanzi alipoondoka na masanduku yake, nyumba zikabaki na babu zetu, na desturi nazo zikabaki.

Jumamosi tunasugua kizingiti. Wenzetu wa kwingine wangetumia maji; sisi tunatumia mchanga, maji ya kuchezea yatoke wapi Newala? Saa kumi jembe linawekwa chini, kahawa inanywewa mlangoni. Babu alikuwa akisema haya yote alituachia mke wa Mholanzi. Bibi akimjibu kwamba wanawake wa hapa walikuwa wanafagia kabla huyo mama hajazaliwa. Mimi naona wote wawili walisema kweli. Na usidhani namsifu Mholanzi. Nyumba ninayolala aliijenga yeye, na makovu ya kiboko mgongoni kwa babu yalitokana na yeye vilevile. Nayaandika yote mawili kwa sababu yote mawili yalikuwepo.

Sasa mlango. Kipande cha juu kinakuwa wazi kutwa. Cha chini kinafungwa, kwa ajili ya mbuzi na kuku, na kwa ajili ya adabu. Mgeni husimama nje, huweka mikono kwenye kibao kilichopigiliwa juu ya kipande cha chini, huzungumza, huletewa kahawa palepale, mpaka aliye ndani amfungulie. Lakini mwenyeji hafunguliwi. Mwenyeji anapitisha mkono kwa juu, anavuta komeo mwenyewe, anaingia. Hata mtoto, siku mkono wake ukilifikia komeo, wanamwambia sasa wewe ni mtu wa nyumba hii. Na jambo jingine: mtu akisimama mlangoni kwako, usiiname kuangalia miguu yake. Kuangalia miguu ni kumwambia usoni kwamba unamdhania jini. Watu wamegombana miaka kwa kitu hicho.

Mdogo wangu anaitwa Somoe. Mumewe, Issa, alikaa naye humu ndani kwetu, kama ilivyo kwa wengi huku, mwanamume kuhamia upande wa mke. Alikuwa mtu mwema, mcheshi, mvivu kidogo wa kupalilia. Siku moja akavuka Ruvuma kwenda Msumbiji kuchimba mawe mekundu. Akapiga simu mara mbili tatu. Halafu kule kukaharibika, watu wakakimbia vijiji, na simu yake ikanyamaza. Binti yao, Rehema, alikuwa bado anang'oka meno ya utoto. Leo anasoma sekondari ya bweni huko Masasi.

Somoe alingoja. Waliorudi kutoka kule tuliwauliza mmoja mmoja. Hakuna aliyemwona hai, hakuna aliyemzika. Mwishowe sheikh akaivunja ndoa kwa sheria, eda ikaisha, akawa huru. Huru kwa maneno ya sheikh, nasema. Kila saa kumi aliendelea kumimina kikombe cha ziada. Mke wangu, Mama Fatu, alikuwa akikirudisha birikani.

Mwaka jana akajitokeza Fundi Bakari, fundi cherehani wa Chidya, aliyefiwa na mkewe, mtu mpole. Alituma mshenga, Somoe akasema waje, watasikia jibu siku hiyo hiyo, kutoka kinywani kwake. Baba yetu alishafariki, kwa hiyo walii wake, wa kumwozesha, nilikuwa mimi. Nilimuuliza, "Utajibu nini?" Akasema, "Kaka, nikijua nitakuambia." Alikuwa hajui kweli. Hilo ndilo lililokuwa mezani siku ile: kama mdogo wangu ataanza maisha mengine, au atabaki kumimina kikombe kwa mtu asiyekuja.

Siku ya posa ilikuwa na ukungu kama wa leo. Wanawake walikuwa uani wanapika. Mimi nilikuwa nimesugua kizingiti, nimevaa kanzu, nimekaa sebuleni peke yangu na birika la kahawa, nikingoja wageni kutoka Chidya. Kipande cha juu kilikuwa wazi, na nje palikuwa peupe tu, huoni hata mnazi wa jirani.

Sikusikia hatua. Nilinyanyua kichwa nikamwona Issa amesimama mlangoni, mikono kwenye kibao.

Niamini. Si mtu anayefanana naye. Ni Issa, na shati lake la drafti la bluu, lile aliloondoka nalo. Hakuwa amezeeka. Mimi nina mvi sasa, Somoe ana mistari machoni, yeye alikuwa kama juzi.

"Shikamoo, shemeji," akasema.

"Marahaba," nikajibu. Ulimi ulijibu wenyewe. Ungefanya nini? Salamu inajibiwa.

Nikasimama, nikamimina kahawa, nikamwekea kikombe kwenye kibao. Mkono wangu ulipogusa ubao uliloa. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba hata mimi niliyekuwa ndani ndevu zilinilowa. Lakini shati lake lilikuwa kavu, kavu la kupigwa pasi. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, akakisogeza puani, akafumba macho.

"Mama Rehema hajambo?"

"Hajambo. Yuko uani."

"Nifungulie, shemeji. Nimetoka mbali."

Hapo ndipo nilipoogopa. Si sura yake iliyonitisha, wala shati. Ni hilo neno. Issa alikaa nyumba hii, alilivuta komeo hili mara maelfu, hata usiku wa giza bila tochi, hata akiwa amebeba mtoto aliyelala. Mtu wa hapa haombi kufunguliwa. Nikamwambia, "Pitisha mkono, Baba Rehema. Komeo liko palepale."

Alilitazama komeo. Lilikuwa karibu na kiwiko chake. Alilitazama kama mtu anayetazama chombo asichojua kazi yake. Kisha akanitazama mimi, na uso wake ukawa na huzuni ambayo sijawahi kuiona kwa mtu yeyote. Nilitaka sana kuinama niangalie miguu. Sikuinama. Mpaka leo sijui kama ilikuwa adabu au woga.

"Basi," akasema. "Mwambie Mama Rehema nimefika."

Akarudi nyuma, na ukungu ukafunga.

Sasa nitasema upande wa pili, kama nilivyoahidi. Mtu aliyekaa mbali miaka yote hiyo anaweza kuona haya kuvuta komeo. Anaweza kujiona mgeni kwenye nyumba aliyoitelekeza, akaona bora aombe. Shati kavu? Huenda alikuwa ameteremka kwenye gari wakati huo huo. Kikombe nilikikuta kimejaa na kahawa ni ya baridi kama maji ya mtungini, lakini sikumwona akinywa, na siku ile kila kitu kilikuwa baridi. Nilitoka nikaangalia mchanga wa kizingitini: zilikuwepo nyayo, zangu, za watoto waliopita asubuhi, za kuku. Yake sikuweza kuitenga. Kwa hiyo ukiniambia nilimfungia nje mtu hai, mume wa mdogo wangu, siwezi kukuapia kwamba umekosea. Unaelewa kwa nini nilichana karatasi?

Wageni walikuwa njiani. Ningeweza kunyamaza. Lakini nilipewa ujumbe, na ujumbe haukuwa wangu. Nikaenda uani, nikamvuta Somoe kando ya kuni, nikamwambia yote, pamoja na lile la komeo.

Mama Fatu alikuwa karibu, akasikia. "Wewe Baba Fatu! Hayo usingeyameza mpaka kesho? Watu wako barabarani!"

"Mwache," Somoe akasema. Alikuwa anapepeta mchele. Aliendelea kupepeta kidogo, kisha akaweka ungo chini, akanawa mikono taratibu, bila kumwaga ovyo. "Alisema nimefika, au alisema nimerudi?"

"Nimefika."

"Na aliomba kufunguliwa."

"Aliomba."

Hakulia. Alipita sebuleni, akavuta komeo, akafungua kipande cha chini, akakisukuma mpaka ukutani. Juu wazi, chini wazi. Akatandika mkeka, akakaa kutazama nje. "Nilikuwa namngoja nikiwa nimefunga," akasema. "Kama ni mtu, ataingia. Kama si mtu, basi anione nilivyokaa, aende salama."

Hapa inabidi nikueleze jambo ambalo katika ule mshtuko sote wawili lilitupotea. Uholanzi, vipande vyote viwili haviachwi wazi pamoja mpaka jeneza lipite. Mtu akiona mlango uko wazi juu na chini, haulizi. Anajua.

Jirani yetu Mama Asha alikuwa anapita na ndoo. Tulisikia ndoo ikianguka, maji yote chini, na yowe. Ukajua ni yowe la msiba, maana Newala hakuna anayemwaga ndoo kwa jambo dogo. Yowe likajibiwa nyumba ya pili, na ya tatu, ndani ya ukungu ambamo hakuna anayemwona mwenzake. Kabla sijafika mlangoni kusema hapana, wanawake walikuwa wanaingia wamejifunga khanga viunoni, mmoja na unga, mmoja na kuni kichwani. Mama Asha akamwangukia Somoe shingoni.

"Pole, mwanangu, pole! Nimelia njia nzima, sasa niambie, namlilia nani?"

Na katikati ya hapo wakatokea watu wa Chidya na sinia lao la posa na kapu la mchele. Mshenga, Mzee Selemani, mtu wa masihara, alikuwa amejiandaa na utani wake wa siku zote, kwamba sisi watu wa juu tunaoga umande. Alisimama mlangoni mdomo wazi. Akauficha mkono ulioshika sinia nyuma ya mgongo. "Tumekosea nyumba?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

Nilifungua kinywa kueleza. Ningeanzia wapi? Lakini Somoe alinitangulia. Alisimama, akajifunika khanga kichwani, akawaambia watu wote, waliokuja kwa kilio na waliokuja kwa harusi:

"Ni Issa. Baba Rehema amefariki. Habari zimefika leo."

Sikumkanusha. Nilikuwa walii wake, ningeweza. Nilimtazama usoni nikaona ametua mzigo ambao sote tulikuwa tunampa pole kwa maneno tu bila kumsaidia kuubeba. Ndipo alipolia. Wote tuliowahi kukaa naye hatukuwahi kumsikia akilia vile, maana kabla ya siku ile hakuwa na ruhusa. Ungemliliaje mtu ambaye labda kesho anaingia?

Sheikh alipokuja nilimchukua pembeni nikamwambia ukweli wangu wote, na shaka zangu. Kumswalia akakataa, akasema kwa ushahidi huo hawezi. "Lakini dua tutasoma," akasema. "Dua haimdhuru aliye hai." Basi tukasoma. Fundi Bakari aliketi kwenye mkeka wa wanaume, akainua mikono pamoja na sisi, akamwombea rehema mtu ambaye mahali pake ndipo yeye alipokuja kukaa. Mchele waliotuletea kwa posa ukapikiwa waombolezaji. Kila mtu chumbani alijua uliletwa kwa ajili gani, na akala.

Wakati wa kuondoka Bakari alisimama mbele ya Somoe, hajui aweke wapi mikono. Somoe akamwambia, "Sheikh amesema eda sina tena. Lakini nipe mpaka arobaini."

"Mimi fundi cherehani," Bakari akasema. "Watu wananingoja mimi kila siku, wengine wananitukana. Na mimi acha nionje."

Mama Asha, macho bado mekundu, akacheka wa kwanza. Kisha Somoe naye akacheka, huku machozi yanateremka.

Walioana baada ya arobaini, wako Chidya sasa. Rehema tulimweleza sisi wenyewe, akalia, akauliza kama anaweza kuendelea kutumia jina la baba yake shuleni. Tukamwambia jina halizikwi.

Mimi ndiye niliyebaki na jambo hili. Miezi kadhaa baadaye nilisikia kwamba kijana wa bodaboda wa Lisekese alimbeba mtu siku ile ya ukungu, kutoka huku juu hadi njia panda, mtu aliyekuwa kimya safari nzima. Nilimfuata. Alinijibu kwa heshima, "Mzee, abiria wa shati la bluu nabeba kila siku. Nikumbuke yupi?" Nikarudi na nilichoenda nacho. Kahawa ya saa kumi bado nainywa, lakini siwezi kuupa mlango mgongo. Ukungu ukipanda najikuta nasikiliza. Wajukuu wanadhani nina masikio mabovu kwa jinsi ninavyoinamisha kichwa.

Kama nilikosea, sikukosea kwa kutofungua, wala nisingekuwa sahihi kwa kufungua. Nilikosea kusimama katikati na birika mkononi, nikimpima mtu ambaye hakuja kwangu. Aliyekuwa na haki ya kumwona alikuwa uani, hatua chache tu, anapepeta mchele; sauti moja ingetosha. Kwa hiyo wewe unayesoma, nakuonya: yeyote akikujia mlangoni akimuulizia mwingine, awe mtu au awe kitu kisichojulikana, usimjibie. Mwite mwenyewe aje, hata kama unaogopa, hata kama siku hiyo kuna wageni. Ukishamjibia mwenzio, jibu unalibeba wewe mpaka mwisho.

Jioni hii tumekula ugali wa muhogo na kisamvu kilichotiwa korosho zilizopondwa. Mama Fatu kasema kimezidi chumvi. Mimi nimeona kiko sawa, lakini nimekula kwa haraka, huenda sikuonja vizuri.